Gari imenyanyuliwa, tairi kubwa zimefungwa, sasa inasumbua: anza na dalili kabla ya kununua kifaa

Huku kwetu Dodoma kunyanyua gari sio urembo. Ukiacha lami tu ukaingia Chemba, au Kibakwe kule Mpwapwa milimani, au Bahi ndani ndani kwenye majaruba ya mpunga, gari ya chini inaburuza tumbo na safari inaishia hapo. Mito yetu mingi kiangazi ni mchanga mtupu, Bubu na Kinyasungwe kuna sehemu unavuka bila kuona tone la maji, afu mvua zikianza Desemba korongo linahama na njia uliyopita mwaka jana haipo. Kwahiyo simwambii mtu asinyanyue. Ila inauma kuona mtu katoa hela nzuri, gari imetoka gereji imependeza, baada ya muda mfupi stelingi inatetemeka, tairi mpya imelika upande mmoja, fundi anamwambia anunue kifaa hiki, ananunua, tatizo lipo palepale, anaambiwa anunue na kingine. Nataka mtu aanzie kwenye dalili, aione sababu kwa macho yake, ndo atoe hela.

Tuelewane kitu kimoja mapema. Springi ndefu zinabadilisha gari inasimama kwenye urefu gani ikiwa imetulia, hazibadilishi tairi inafika wapi pale springi inapobonyea mpaka mwisho. Ukitumbukia korongo, tairi inapanda mpaka kwenye ule mpira wa kishindo, na mpira wenyewe uko palepale kiwanda kilipouweka. Kwahiyo lifti (huko kunyanyua gari kwa springi) peke yake haikupi nafasi ya tairi kubwa, inachelewesha tu kugusa. Halafu kila kitu kilichopimwa kwa urefu wa zamani, pembe za stelingi, pembe za propela (shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi kwenda kwenye ekseli), hozi za breki, taa, vyote vimehama kwa siku moja na kila kimoja kina namna yake ya kulalamika.

Na lifti hainyanyui difu (lile bonge la chuma katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu). Kwenye ekseli nzima (chuma kimoja kutoka gurudumu la kushoto mpaka la kulia) kama ya nyuma ya Prado au mbele na nyuma ya Hardtop (Land Cruiser 70), springi zinapandisha chasi na bodi tu, difu haipandi hata milimita, inayopandisha difu ni tairi, tena kwa nusu ya ongezeko. Hesabu yake ni nyepesi. Prado 120 au 150 yenye 265/65R17 (upana, kimo cha ukuta kwa asilimia ya upana, na inchi za rimu) tairi yake ina kipenyo cha milimita 776 hivi. Ukiweka 265/70R17 inakuwa 803, difu imepanda milimita 13. Ukienda 285/70R17 inakuwa 831, difu imepanda milimita 27. Ndo hizo tu, na kwa hizo 27 ndo unapata nusu ya matatizo yote yanayofuata hapa chini, kwahiyo pima mwenyewe kama unazihitaji. Kwa mizunguko mingi ya huku mi naona 265/70R17 ya mchanganyiko (sio ya matope) na lifti ya inchi 2 inatosha kabisa.

Kabla hujanyanyua chukua futi pima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa madigadi, kona zote nne, andika mahali. Kipimo hicho hakidanganywi na ukubwa wa tairi wala upepo. Kama tayari umeshanyanyua bila kupima, pima sasa hivi, utaona huko mbele kwanini.

Tairi inagusa

Hii ndo inawapata karibu wote. Usiishie kusema inagusa, tafuta inagusa wapi na saa ngapi. Paka chokaa au chaki sehemu unazozishuku: plastiki ya ndani ya madigadi, kona ya chini ya bampa, maunti ya bodi iliyo nyuma ya tairi ya mbele, amu ya juu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa juu), stabilaiza (fimbo inayozuia gari isilale kwenye kona). Tafuta uwanja, endesha taratibu ukikata stelingi mpaka mwisho kulia na kushoto, kwenda mbele na kurudi rivasi pia maana kuna gari zinagusa rivasi tu, halafu panda na tairi moja kwenye tuta huku umekata kona. Shuka uangalie chokaa imefutika wapi.

Ikiwa ni plastiki au ule mpira wa kuzuia tope, hilo ni dogo, plastiki inapashwa moto kidogo inasukumwa nyuma inafungwa upya, mpira unapunguzwa kwa kisu. Ikiwa ni maunti ya bodi, na kwenye Prado na Hilux hapo ndo mahali penyewe, anza na alaimenti. Fundi akiongeza kasta (mlalo wa mhimili wa gurudumu la mbele, nitaieleza chini) gurudumu linasogea mbele kidogo na saa ingine hiyo inatosha. Isipotosha ndo kona ya chuma inakatwa, inafunikwa na bati zito, inachomelewa na kupakwa rangi isile kutu. Kazi hiyo mpe mtu anayejua kuchomelea chasi, sio kila mwenye mashine ya kuchomelea, kwasababu hiyo maunti ndo inashika bodi isiachane na chasi.

Ikigusa kwa ndani, kwenye amu ya juu au stabilaiza, lifti haihusiki hata kidogo, hapo ni upana wa tairi na ofseti ya rimu (imelalia ndani au nje kiasi gani). Rimu ya kiwanda imelalia ndani, ukiweka tairi pana juu yake bega la tairi linakaribia amu. Rimu yenye ofseti ndogo inasukuma tairi nje na pale ndani panaachia, lakini sasa ukikata kona tairi inazunguka duara kubwa zaidi, inakwenda kugonga bampa mbele na maunti nyuma. Ndo unakuta mtu kaponya ndani kaumiza nje. Na kadiri tairi inavyotoka nje ndo beringi za habu (kitovu kinachofungiwa rimu) zinavyobeba mzigo wa pembeni, stelingi inakuwa nzito na inarusharusha mkono kwenye mashimo. Spesa za kwenye habu (vipande vya kusukuma rimu nje) mi sizipendi kwa barabara zetu. Kama lazima uziweke basi ziwe zile zenye bolti zake na zinazokaa sawasawa kwenye shingo ya habu, sio vipande vya aluminiamu vya kubanwa tu katikati na stadi zikabaki na nyuzi chache za kushika nati.

Ikigusa juu, pale tu unapotumbukia shimo umebeba mzigo, jibu halipo kwenye springi ngumu zaidi. Ni mpira wa kishindo mrefu zaidi ili tairi isifike kule juu, au tairi ndogo. Mtu akikushauri uongeze lifti nyingine ya inchi 2 kutibu hili, mwambie akuonyeshe kwanza tairi inafika wapi springi ikiisha kabisa.

Stelingi hairudi yenyewe, gari inatangatanga barabarani

Dalili: ukikata kona halafu ukalegeza mikono stelingi inabaki palepale, na kwenye lami ya Morogoro ukiwa na 90 unarekebisha kushoto kulia muda wote, lori likipita linakuvuta. Kabla ya yote pima upepo, tairi nne zilingane. Kama upepo uko sawa, mshukiwa mkuu ni kasta, yaani ule mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu la mbele linazungukia. Mlalo ukipungua stelingi inasahau kurudi.

Kwenye gari zenye ekseli nzima mbele, Land Cruiser 80, Hardtop za springi za koili, Patrol, Jimny, ekseli inashikwa na mikono mirefu miwili. Ukiinua chasi mikono inainama na ekseli nzima inazunguka mbele kidogo, unapoteza kama digrii moja ya kasta kwa kila inchi unayopanda, na hakuna bolti ya kurekebisha hapo. Ndo maana alaimenti ya kawaida mafundi wanakwambia "imekaa" na gari bado inatangatanga, wao wamerekebisha too tu (tairi za mbele kuelekea ndani au nje ukizitazama kutoka juu), kasta hawajaigusa kwasababu haigusiki. Dawa ni bushi za kasta (mipira ya kwenye viungo, yenye tundu lililohama katikati), au bati za kushusha mikono, au mikono mipya iliyopindwa kwa ajili ya hiyo lifti. Hardtop za zamani zenye springi za majani mbele unawekewa kabari kati ya springi na ekseli, kazi rahisi tena ya bei nafuu, ila hakikisha kabari ni za chuma sio aluminiamu laini, na upande mnene ukae unakotakiwa, maana kuna gari zimefungwa kabari kinyume na zikazidi kuharibika.

Prado, Surf 185, Hilux na nyingine zenye amu mbili juu na chini, kasta inarekebishwa kwenye amu ya chini ila ukishapanda zaidi ya inchi 2 marekebisho yanaisha. Utaona kwenye karatasi ya alaimenti kemba (tairi kulala ndani au nje ukiitazama kwa mbele) iko sawa lakini kasta imebaki chini ya kipimo, hapo ndo amu za juu mpya zinakuwa na maana. Dai karatasi. Alaimenti bila karatasi ya kabla na baada huna cha kulinganisha. Na kama gari inavuta upande mmoja tu linganisha kasta ya kushoto na kulia, inavuta kwenda upande wenye kasta ndogo, halafu badilisha tairi mbili za mbele kushoto kwenda kulia, ikianza kuvuta upande mwingine basi ni tairi yenyewe.

Tairi kulika nako kunasema. Ikilika kingo ya ndani tu au ya nje tu, kemba na too. Ikilika katikati, upepo mwingi, na hii ni ya kawaida kwa tairi nzito za ply 10 ambazo vijana wa upepo wanazijaza mpaka PSI 50 kwasababu ukutani imeandikwa uwezo mkubwa. Yale maandishi ni mwisho wa tairi, sio kipimo cha gari yako. Ikilika vipande vipande kwa kuruka, shokapu zimekufa au balansi hamna.

Stelingi inatetemeka kwa nguvu mpaka unaachia mafuta

Inatokea kwenye gari za ekseli nzima mbele, unapita kiungo cha daraja au shimo dogo ukiwa na 60 mpaka 80, ghafla mbele yote inaanza kucheza kushoto kulia kwa nguvu na haiachi mpaka gari ikaribie kusimama. Hii ni hatari kweli, watu wamepoteza gari kwa hii. Ikikutokea shika stelingi bila kupambana nayo, toa mguu kwenye mafuta, punguza mwendo taratibu.

Kitu cha kwanza watu wanachouziwa ni dampa mpya ya stelingi (kishokapu cha kutuliza stelingi). Dampa inaficha tu. Inanyamaza mwezi, miezi, halafu inarudi kubwa zaidi kwasababu muda wote kilicholegea kimeendelea kulegea. Tafuta hivi: gari iwe chini imesimama kwa tairi zake, injini inawaka, mtu mmoja akae ndani azungushe stelingi kidogo kidogo kulia kushoto haraka, wewe lala chini uangalie panhadi (ile fimbo ndefu inayozuia ekseli isihame pembeni). Ukiona mwisho wake wowote unacheza kwenye bushi au tundu la bolti limekuwa yai, umempata. Kisha tairodi endi zote (viungo vya ncha za fimbo za stelingi). Kisha nyanyua gurudumu moja moja kwa jeki weka stendi, shika tairi juu na chini tikisa, ikicheza ni beringi za habu au za kingipini (mhimili ambao gurudumu linazungukia ukikata kona), mtu akikanyaga breki na kucheza kukaisha basi ni habu, kukiendelea ni kingipini. Mwisho ndo balansi ya tairi na kasta. Magari yetu mengi yametoka Japani na miaka zaidi ya 15 mgongoni, bushi zilikuwa zimechoka tangu mwanzo, tairi za kiwanda zilikuwa nyepesi kiasi cha kutozionyesha. Tairi kubwa haikuleta ugonjwa, imeuamsha.

Na ukiwa chini hapo angalia kama ekseli iko katikati. Panhadi ni fimbo ya urefu mmoja, ukinyanyua gari inavuta ekseli upande mmoja, tairi ya kushoto imetoka nje kuliko ya kulia. Lifti ya inchi 2 inahama milimita chache na wengi wanaiacha, zaidi ya hapo weka panhadi ya kurekebishika. Stelingi kukaa upande gari ikienda mbele moja kwa moja baada ya lifti ni kitu hichohicho, inarekebishwa kwenye fimbo inayotoka boksi ya stelingi, usikubali fundi achomoe usukani auweke upya kwa kukadiria.

Mtetemo

Tofautisha aina mbili. Mtetemo mnene wa polepole unaousikia mikononi unatoka kwenye magurudumu. Mtetemo mwembamba wa haraka unaousikia kwenye sakafu na kiti, au mlio wa kuvuma, unatoka kwenye propela, kwasababu propela inazunguka kama mara nne wakati gurudumu linazunguka mara moja, inategemea difu.

Wa magurudumu: kabla ya kwenda balansi chungulia ndani ya rimu. Udongo wa Bahi ukiganda mle ndani ukakauka ni kilo nzima upande mmoja, watu wanalipia balansi wakati ilitakiwa ndoo ya maji na kijiti. Kama rimu ni safi angalia nati. Rimu za alumini za kiwanda za Toyota zinatumia nati zenye shingo na washa bapa, rimu za kununua nyingi zinataka nati zenye mdomo wa koni, ukichanganya gurudumu halikai katikati na nati zinalegea zenyewe njiani. Kaza nati tena baada ya kilomita 50 mpaka 100 za kwanza, kila mara rimu ikitolewa, kwa spana ya kipimo kama ipo. Ndo baadae balansi, na tairi za matope zenye meno makubwa zinakula risasi nyingi (vile vizito vya balansi) na zikianza kulika zinahitaji tena.

Wa propela: unazidi ukikanyaga mafuta kwenye spidi fulani, ukiachia unabadilika au unaisha. Lala chini uangalie pembe. Propela yenye krosi (kiungo cha msalaba kinachoruhusu propela kupinda) moja kila mwisho inataka uso wa flenji ya kwenye gia na uso wa flenji ya difu vibaki sambamba, ukinyanyua nyuma difu inaweza kuinama na usambamba unapotea. Kwenye springi za majani ni kabari tena, kwenye koili ni mikono ya kurekebishika. Na kabla ya yote hayo weka grisi kwenye krosi na uzitikise kwa mkono, krosi iliyokauka inavumilia pembe ndogo tu. Mlio wa "tak" unapoondoka au kuweka rivasi mara nyingi ni krosi au telezo la katikati la propela limekauka.

Mbele, Prado na wenzake, sikiliza tiki tiki tiki ukikata kona na angalia grisi iliyorushwa ndani ya rimu. Jointi za CV (viungo vya shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele) zimeinama kupita kiasi, buti (mfuko wa mpira unaozifunika) imekunjana, inasuguana, inapasuka, vumbi la Kondoa linaingia kazi imeisha. Sababu inayojirudia sana ni spesa ya juu ya shokapu. Shokapu ya mbele imekaa karibu katikati ya amu, kwahiyo spesa ya milimita 25 pale juu inainua gari karibu 50. Mtu ananunua spesa ya milimita 50 akijua anapata inchi 2, anapata karibu inchi 4, amu ya juu inagonga koili, boljointi imefika mwisho, CV zinalia. Hapa ndo kile kipimo cha futi kinakusaidia, toa cha zamani kwenye kipya utajua umepanda kiasi gani kweli. Kama umebaki kwenye inchi 2 na bado buti zinachanika, kuna vipande vya kushusha difu ya mbele milimita 25 hivi, vinapunguza pembe.

Inagonga ukivuka matuta

Inagonga ukishuka tuta, pale gurudumu linaponing'inia: shokapu ni fupi kwa lifti hiyo, imefika mwisho wake wa kurefuka na sasa ndo inabeba ekseli. Haitakaa muda. Au ni amu ya juu inagonga koili kama nilivyosema. Inagonga unapotua: springi laini kwa mzigo ulionao au shokapu ndefu kuliko nafasi, hii ya pili ni mbaya kwasababu shokapu inageuka kuwa mpira wa kishindo.

Halafu kuna hii ambayo watu hawaijui na inaua bushi mpya ndani ya miezi michache. Bushi za mpira zinakaa zimeshikwa katikati, zinajipinda kidogo gari ikipanda na kushuka. Fundi akikaza bolti za amu wakati gari iko juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, bushi zinakuwa zimekazwa kwenye pozi ya kuning'inia, ukishusha gari zinabaki zimesokotwa saa 24. Dalili ni mlio wa kukwaruza, gari kukaa juu kuliko kawaida kwa siku chache, kisha bushi zimechanika. Legeza bolti zote za amu na mikono, shusha gari chini, ibonyeze bonyeze au isukume mbele nyuma, kisha kaza ikiwa imesimama kwa tairi zake. Nusu saa tu ya kazi. Simama hapo hapo gereji uhakikishe inafanyika hivyo.

Kama haigongi ila inaruka na kukutupa, hasa kwenye changarawe lenye mawimbi, angalia upepo kwanza, halafu jiulize springi ulizonunua ni za mzigo gani. Springi za kubeba kilo 300 za ziada muda wote kwenye gari inayobeba mtu mmoja na laptop kwenda Mtumba haziwezi kuwa laini. Gari za toshenibaa (fimbo inayosokotwa, inafanya kazi ya springi) kama Land Cruiser 100 zilizopandishwa kwa kukaza bolti tu, ugumu huo hauishi wenyewe, shusha mpaka gurudumu lipate tena nafasi ya kuning'inia.

Gari imekuwa nzito, inakula mafuta

Kutoka 776 kwenda 831 ni asilimia 7. Maana yake kila gia imekuwa ndefu kwa asilimia 7, juu ya hapo tairi yenyewe ni nzito. Prado ya petroli ya 2.7 utaiona ukipandisha kutoka Bahi kwenda Manyoni, au Nyang'oro ukielekea Iringa, gia inashuka inapanda inashuka inapanda. Usiiache iwinde gia mlima mzima, mafuta ya gia boksi yanachemka, ishike gia ya chini kwa mkono. Dawa ya kweli ni kubadilisha meno ya difu mbele na nyuma, ghali, au kurudi 265/70.

Lakini kabla hujalia na mafuta, rekebisha hesabu. Dashibodi sasa inahesabu pungufu, ikisema 100 umetembea 107. Uliyedhani unakula lita 12 kwa 100 kwa kweli unakula 11.2 hivi. Hiyo hiyo inahusu spidi, ukiona 50 kwenye dashibodi kijijini unaweza kuwa na 53, na trafiki mwenye tochi haangalii dashibodi yako. Linganisha na GPS ya simu barabara ikiwa imenyooka, maana spidomita nyingi za kiwanda zinasoma juu kidogo kwahiyo kosa lako linaweza kuwa dogo kuliko hesabu. Na sevisi ya kilomita 5,000 iwahishe, ushatembea 5,350.

Breki

Hapa naomba usiahirishe kitu. Tairi nzito inasimama kwa shida zaidi, hilo moja. La pili, Hilux, Hardtop na Prado za zamani zina valvu nyuma yenye mkono uliofungwa kwenye ekseli, inapima mzigo kwa kuangalia chasi iko juu kiasi gani. Ukinyanyua gari valvu inadhani gari iko tupu, inapunguza breki za nyuma, mbele inazama sana na pedi za mbele zinaisha haraka. Inatakiwa kipande cha kurudisha mkono kwenye pembe yake ya awali, fundi wako muulize kabla.

La tatu, nyanyua chasi kwa jeki mpaka ekseli ining'inie kabisa, weka stendi, halafu pita na macho kwenye hozi za breki, nyaya za ABS na bomba la kupumulia difu. Hakuna hata kimoja kinachotakiwa kuwa kimevutika. Mbele fanya hivyo hivyo huku stelingi imekatwa kulia, kisha kushoto. Taa ya ABS iliyowaka baada ya lifti karibu kila mara ni waya umevutwa. Bomba la difu likichomoka hutajua, mpaka uvuke maji na mafuta ya difu yageuke rangi ya maziwa.

Gari sasa iko juu na inalala zaidi kwenye kona, ukiweka na keria yenye madumu ya mafuta juu ndo kabisa. Kona za milima ya Kondoa na kiplefti yoyote ingia kwa mwendo mdogo kuliko uliouzoea, na mzigo mzito weka chini ndani ya gari.

Imelala upande mmoja

Pima kona nne. Springi nyingi za seti zina kushoto na kulia tofauti, zimeandikwa, zikibadilishana gari inalala. Prado 150 na Land Cruiser 200 zenye KDSS (mfumo wa Toyota unaoendesha stabilaiza kwa presha ya mafuta) zinalala kwasababu fundi hajafungua valvu mbili za ule mfumo wakati anafunga springi. Zinalegezwa mizunguko michache gari ikiwa chini mahali tambarare, inajisawazisha, zinafungwa tena. Mtu asikuuzie springi nyingine kwa hilo.

Taa nazo zishushwe siku hiyohiyo, zimeangalia juu sasa na dereva wa basi anayekuja mbele yako haoni kitu. Ukifika kilomita 500 rudi ukaze bolti zote zilizoguswa, panhadi, amu, shokapu, na upime alaimenti tena kwasababu springi mpya zinakaa kidogo. Spea nayo iwe saizi ileile ya nne zilizofungwa. Kwenye Prado inayovuta muda wote tairi moja ndogo inafanya difu ya kati ifanye kazi bila kupumzika mpaka ichemke, na kama spea imening'inia mlango wa nyuma angalia bawaba, tairi ya 285 na rimu yake ni nzito kuliko ile mlango ulioizoea.